Mgeni wa Juu ya Ateliye

Kwanza niseme habari ya matusi, kwa sababu ndiyo yaliyomtangulia kila mahali. Fundi wa pompe, zile pampu zinazosukuma mafuta ndani ya injini, alikuwa anatukana. Alitukana mashine, alitukana mazuti, yaani dizeli, yaliyochanganywa na maji, alitukana madereva wanaoleta kamyo inayotapika moshi mweusi halafu wanasema imeanza jana tu. "Jana!" alikuwa anapiga kelele mpaka sisi wa upande wa pili wa barabara tunasimamisha cherehani. "Hii pompe inalia tangu Noeli, weye unasema jana! Masikio Mungu alikupatia ni ya kuvalisha kofia?" Watu wanacheka, dereva mwenyewe anacheka, pompe inafunguliwa. Hakuna aliyewahi kumhama akaenda kwa fundi mwingine.

Mimi ni mshonaji. Ateliye yangu iko Kimemi, mtaa wa Butembo, Kongo, inatazamana na yake, katikati kuna kinjia cha matope ambacho magari madogo yanakiogopa wakati wa mvua. Nimekaa naye jirani miaka mingi, hata watoto wangu walijifunza kusimama kwa kushika matairi yaliyolala mlangoni pake. Jina analo, lakini hatukulitumia. Kwetu alikuwa Fundi ya Pompe, mwenye kilemba cha bluu na ndevu alizozifunga vizuri zisiingie kwenye mashine, na mimi kwake nilikuwa Mama Couturière, ndiyo kusema mama mshonaji. Alitokea Uganda. Kabla ya Uganda sijui, na sikuuliza. Kilichoniwasha mimi ni chumba chake cha juu.

Siku moja alivuka kinjia akiwa amenawa mikono mpaka viwiko. Hilo peke yake lilinishtua, maana mikono yake ilikuwa na rangi ya mazuti wiki nzima. Akasema anataka kitambaa cha kufunikia, cha hariri kama ipo, pindo lake liwe safi.

"Ni ya nani?"

"Ya Mwalimu wangu."

"Iko munene? Iko mufupi? Nitapima namna gani mutu sijamuona?"

"Kuja umuone. Mais kwanza utoe viatu, unawe mikono, ujifunike kichwa."

Nikapanda ngazi nikijiandaa kumsalimia mzee wa Kihindi anayeumwa. Chumba kilikuwa safi ajabu, hungeamini kwamba chini yake kuna mafuta na vyuma. Mbele, chini ya kitambaa kilichotundikwa kama dari ndogo, palikuwa na kitanda kifupi chenye mito, na juu ya mito kitabu kikubwa kimefunguliwa, kipana kuliko sinia. Kando yake usinga mweupe, wa kupepea. Nikaangalia pembe zote za chumba.

"Sasa Mwalimu iko wapi?"

"Uko mbele yake."

Yesu na Maria! Goti langu likashuka lenyewe, kwa mazoea ya parokiani, na mkono ukaanza ishara ya msalaba kabla sijaukamata. Yeye hakucheka. Alinishikia ncha ya kamba ya kupimia, nikapima Mwalimu urefu na upana, nikashuka na maswali yamejaa kifuani. Na mimi nikishaanza kuuliza siachi. Mume wangu atakuambia.

Nilimuuliza kwa miaka. Alikuwa anajibu kidogo kidogo, akiwa ameinama juu ya pompe, na nilikuwa nashona maneno yake pamoja nyumbani. Watu wake, ambao kule Uganda wanawaita Kalasinga, wenyewe wanajiita Masikh, ndiyo kusema wanafunzi. Walikuwa na walimu kumi, watu wa nyama na damu, mmoja baada ya mwingine, kule Panjabu. Yule wa kumi aliwapoteza watoto wake wote wanne wa kiume katika vita na mateso. Alipokaribia kufa, akawaambia wafuasi kwamba baada yake hakuna mtu tena wa kukalia kiti. Mwalimu ni Kitabu. Imepita zaidi ya miaka mia tatu, na mpaka leo Kitabu ndicho kinakaa.

"Ndiyo kusema hamuna Papa?"

"Hapana."

"Hata Monseigneur, askofu?"

"Hapana."

"Sasa mukikosana, nani anakata maneno?"

"Tunafungua," akasema.

Kila asubuhi, kabla hajagusa spana, alikuwa anapanda, anakitoa Kitabu kwenye nguo zake za kulalia, anakifungua popote mkono unapoangukia. Ile sehemu ya juu, upande wa kushoto, ndiyo amri ya siku hiyo. Anaisoma kwa kuimba, maana Kitabu chote ni nyimbo, na kimepangwa kufuata aina za tuni, kama vile mkuu wa kwaya angepanga. Jioni anakifunga, anakifunika, anakilaza. Kitu cha kunishangaza ni kwamba kurasa zake, elfu moja na mia nne na zaidi, ziko sawasawa ulimwenguni kote. "Neno lenye liko ukurasa ya mia tano Kampala," aliniambia, "hapa Butembo pia liko ukurasa ya mia tano. Hata mustari ni ule ule."

Namna kilivyokusanywa alinieleza kifundi. Siku hizo alikuwa na kesi na muuza vipuri aliyemuuzia kitu cha bandia ndani ya boksi lenye jina zuri. "Unaona hii?" akasema, akikitikisa kile kipuri mbele ya pua yangu. "Vile vile walifanyia walimu wetu. Batu walikuwa banatunga nyimbo zao, banaweka jina ya Mwalimu juu, banapeleka sokoni!" Basi mwalimu wa tano, miaka mia nne na kitu iliyopita, akakaa chini na mwandishi wake, akakusanya nyimbo za kweli tu, akazifungia kitabu kimoja ili mtu asichomeke ya kwake. Nilimuuliza kama zote ni za Masikh. Akaniambia hapana, mwalimu huyo aliweka pia nyimbo za Wahindu na za Waislamu. Aliangalia kama neno ni la kweli, hakuangalia mlango lililoingilia.

"Na walikuwa batu wakubwa?"

"Mumoja alikuwa mufumaji wa nguo. Mwingine mushona viatu. Kinyozi iko. Muchinjaji wa nyama iko."

Niliacha kazi. "Na mushonaji?"

Akafikiri. "Iko mumoja. Alikuwa anapiga nguo rangi na kuzishona."

Lo! Niliwaambia wanawake wote wa jumuiya yetu Jumapili ile: mshonaji yumo katika maandiko ya Muhindi! Nikarudi kesho yake na swali lingine.

"Na mwanamuke? Iko mwanamuke aliandika ndani?"

Fundi wa pompe alisugua bomba moja kwa muda mrefu. "Ya kuandika, hapana," akasema. "Ya kusoma, ndiyo. Kila mwanamuke anaweza kukaa pale asome, na banaume banyamaze." Jibu halikunitosha, lakini nilipenda kwamba hakunidanganya.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa bulungi, zile bolti ndogo. Bulungi moja ikianguka, kazi yote inasimama mpaka ipatikane, na sisi majirani tunaitwa tuinamishe macho. Mtu huyo huyo, kila Jumapili baada ya misa, alikuwa anatandika mikeka uani na kulisha kila aliyeingia, dengu na chapati, bila kuuliza dini yako wala kabila lako. Sharti lilikuwa moja: wote chini, wote mstari mmoja. Jumapili moja alikuja tajiri wa maduka ya jumla, suti ya kutoka Dubai, amefuata pompe yake. Fundi akamwonyesha mkeka, katikati ya msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, na mama muuza makaa. Tajiri alisimama, akaangalia suti, akaangalia pompe yake iliyofunguliwa mezani. Mwisho akakaa. Alikula chapati tatu, na Jumapili iliyofuata alirudi bila kuwa na pompe.

Na lingine. Alikuwa ananiambia bila kuchoka kwamba Kitabu si sanamu, kwamba hawaabudu karatasi, kwamba kinachoheshimiwa ni neno. Sawa. Lakini baridi ya Butembo ya asubuhi ilipozidi, alivuka kinjia kuniagiza blanketi la sufu kwa ajili ya Kitabu. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa pulova yenye matundu mawili kwenye viwiko.

"Fundi, karatasi inasikia baridi?"

"Mama Couturière, shona tu."

Nilishona. Nikamtengenezea na viwiko vyake, sikumwambia.

Sasa nifike kwenye habari ya sahani ya chakula. Alikuwa amekwenda Beni kumtengenezea mtu jenereta, akitegemea kurudi siku ile ile. Lakini barabara ikafungwa, wanajeshi wakasema hakuna kupita mpaka kesho, unajua tena ile barabara na waasi wake. Alinipigia telefone, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeacha mtoto mchanga peke yake nyumbani. Kitabu kimebaki wazi. Jioni inakuja. Nikamwambia atulie, anieleze. Nikanawa, nikajifunika kichwa, nikapanda, nikakifunga kwa mikono miwili kama alivyosema, nikakifunika nguo moja baada ya nyingine, nikakilaza.

Halafu nikasimama pale mlangoni, na roho ikakataa kuondoka. Sisi Wanande, mgeni akilala kwako bila kula, hiyo ni aibu ya nyumba nzima. Na huyu alikuwa mgeni wa mbali kuliko wote, mwenye nyumba hayupo, mimi ndiye nimepewa ufunguo. Nikashuka, nikapika bugali na sombe ya majani ya mihogo, nikaweka samaki mdogo juu, nikapandisha sahani imefunikwa, nikaiweka mbele yake kwa heshima, nikamtakia usiku mwema kwa Kinande.

Fundi aliporudi kesho yake nilisikia hatua zake zikisimama ghafla kule juu. Nikajua nimeharibu. Akashuka na sahani mkononi.

"Mama Couturière. Hii ni nini?"

"Ni chakula ya Mwalimu. Nilifikiri... atalala njaa?"

Nilingoja matusi. Alikaa kwenye tairi akacheka mpaka kilemba kikalegea. Akaniambia kwamba chumbani mle samaki haingii, wala nyama yoyote, asilani, nisirudie. Kisha akajifuta macho. "Yeye hapana kula bugali," akasema. "Chakula yake ni kusomwa. Siku hasomwe, hiyo siku ndiyo amelala njaa." Akaketi pale pale akala ile sombe yote kwa mkono, samaki akampa paka. "Wasingya," akasema, asante ya kwetu, na mimi nikaona haya na furaha kwa pamoja.

Yale maneno ya njaa nilikuja kuyakumbuka baadaye.

Ilikuwa alasiri ya mvua, umeme umekatika, wingu limekaa juu ya paa. Nilimpelekea kitambaa kipya. Nikamsikia kutoka ngazini akisoma, sauti yake nzuri kama siku zote. Nilipofika mlangoni, chumba kilikuwa kiza. Hakuna taa, hakuna mshumaa, dirisha limefungwa. Mimi kidole changu nilikiona kwa shida, na yeye alikuwa ameinama juu ya ukurasa, anasoma. Nilingoja amalize.

"Fundi, unaona?"

Aligeuza uso upande wa sauti yangu. Mvua ilipiga mabati.

"Hapana," akasema. "Tangu wakati murefu."

Daktari wa macho alikuwa amemwambia kwamba si ule utando unaotolewa, ni mshipa wa jicho umekufa, na uliokufa haurudi. Kivuli cha mtu alikiona, herufi hapana. Kazi ya pompe aliendelea nayo kwa mikono na masikio, na sisi wote tulidhani yuko mzima. Kitabu alikifungua kila asubuhi kama kawaida, kisha akaimba kile alichokijua kwa kichwa.

"Mais si ni sawa?" nilimwambia. "Mimi pia rozari najua kwa kichwa."

"Hapana sawa." Alipapasa ukurasa kwa kiganja. "Kwa kichwa ninaimba ile ninapenda. Ile tamu. Mama, tangu macho ikufe, sijagombezwa hata siku moja! Mwalimu gani huyo, anakuambiaka tu ile unataka? Hapa ndani iko maneno ananingojea nayo, na mimi nimekaa juu yake kama kuku. Nimemulaza njaa."

Niliumia. Nilijua tayari anakoelekea. Kampala kuna nyumba yao ya ibada, kuna watu wa kusoma. Kitabu kisichoweza kuhudumiwa kinapelekwa kinakohudumiwa, hiyo ndiyo desturi yao. Lakini kile Kitabu ndicho kilichokuwa mtu wake wa nyumbani. Ndicho alichokiamsha, ndicho alichokilaza, ndicho kilichofanya anawe mikono. Akikitoa, anabaki na pompe na kuta. Msimu mzima alipigana na hilo. Anapiga simu Kampala, anasema mje. Kesho anapiga tena, anasema msije. Matusi yakazidi mpaka madereva wakaanza kuniuliza mimi kwanza, kabla hawajaingia, leo hali ya hewa ikoje. Siku ya tatu ya mvua kubwa alivuka kinjia kwa kupapasa, akasimama mlangoni pangu.

"Nimesema ndiyo. Watangoja Beni, banaogopa kufika hapa. Sasa shida ni moja. Kitabu kinabebwa kwa kichwa, juu kuliko mubebaji, na mimi hapana ona chini. Nikianguka nacho..." Hakumaliza.

"Nitabeba mimi," nikasema, kabla sijafikiri. "Nitakifunga mugongoni."

Hapa lazima mtu asiye wa kwetu aelewe. Mama zetu wa milimani hawabebi kichwani. Tunabeba mgongoni, kamba inapita kwenye paji la uso: kuni, mihogo, maji, kila kitu. Mgongoni ndipo tunapoweka mtoto. Kwangu hakukuwa na mahali pa heshima zaidi.

Fundi wa pompe alishtuka kama nimemmwagia maji. "Mugongoni? Unamupatia Mwalimu mugongo?"

"Mutoto wangu nilimupatia mugongo, na ninamupenda!"

Tulibishana mpaka wateja wangu wakakusanyika. Yeye alishinda, maana Kitabu ni chake. Basi mimi, mama mzima mwenye wajukuu, nikaanza kujifunza kubeba kichwani. Kila jioni nilizunguka ua na unga umefungwa ndani ya kitenge juu ya kichwa, shingo ngumu kama nguzo, na majirani wamekaa ukutani. "Mama Couturière amekuwa mutu wa Kisangani!" walipiga kelele, maana kule ndiko wanabeba kichwani. Unga ulimwagika mara nyingi. Watoto waliuokota wakala uji.

Asubuhi ya safari jeep ilishindwa kushuka kwenye kinjia, ikabaki juu barabarani. Aliniwekea mto mdogo kichwani, kisha Kitabu, kimevaa nguo zote nilizokishonea, na juu yake lile blanketi la sufu. Kilikuwa na uzito wa mtoto anayeanza kutembea. Yeye alitangulia, miguu mitupu kwenye matope ya baridi, mkono mmoja kwenye bega la mume wangu, mwingine unanyunyiza maji kuitakasa njia. Mimi nikafuata, miguu mitupu pia, nikihesabu kila jiwe kwa vidole. Watu wa moto, zile pikipiki za abiria, walizima mashine. Mama muuza makaa alisimama. Wengine walidhani ni Sakramenti, wakapiga magoti, na sikuweza kugeuza shingo kuwaambia. Sikusali Salamu Maria wala chochote. Nilisema tu moyoni: mshonaji mwenzangu uliye humo ndani, nishikie shingo.

Hakikuanguka.

Beni tulipokelewa katika nyumba ya rafiki yake mmoja, sebule imesafishwa, hata mapazia yamefuliwa. Kutoka Kampala alikuja mzee mmoja na mjukuu wake, msichana wa chuo mwenye miwani. Nilidhani mzee ndiye atakayekaa mbele. Kumbe ni msichana. Alifunika nywele, akaketi nyuma ya Kitabu, akakifungua popote, akaanza kusoma, na wanaume wakanyamaza. Nikakumbuka jibu la zamani la Fundi kuhusu wanawake, nikamsamehe nusu.

Fundi alikuwa ameketi chini, kichwa kimeinama upande, kama anavyosikiliza pompe. Katikati ya wimbo akashika mdomo. "Hii nilikuwa nimesahau!" akaniambia kwa Kiswahili chetu, kwa sauti, mbele ya wote. "Mama, hii nilikuwa nimesahau kabisa!" Machozi yakaingia kwenye ndevu, hakuyafuta. Walimwomba aende nao Kampala. Akakataa. Butembo, akasema, kuna pompe nyingi zinazolia, na hakuna wa kuzisikiliza. Aligusa sakafu kwa paji la uso, akakaa hivyo muda, kisha akaomba nimtoe nje.

Njia yote ya kurudi, hata mashimo ya barabara hakuyatukana. Nililia mimi, kwa niaba ya wote wawili.

Juzi nilivuka kwenda kumwona. Chumba cha juu ni kitupu sasa, kimefagiwa, na bado anavua viatu akiingia. Alikuwa chini, ameketi kwenye tairi lake, telefone imelala pajani. Kila asubuhi yule msichana anampigia kutoka Kampala, kabla ya masomo yake, anamsomea amri ya siku hiyo, ile ile iliyofunguka kwao. Uso wake ulikuwa na kitu sijakiona muda mrefu.

"Leo Mwalimu amesema nini?" nikamuuliza, kama ninavyomuuliza siku zote.

"Leo?" Akatabasamu mpaka meno ya nyuma. "Leo amenigombeza."

"Ju ya nini?"

"Ju ya hasira. Ju ya mudomo yangu. Amenigombeza muzuri sana, Mama Couturière!"

Hapo hapo kamyo ikaingia, moshi mweusi umeziba mlango mzima. Dereva akaruka chini, akasema kwamba imeanza jana tu. Fundi wa pompe alifungua mdomo. Nikaziba masikio, kwa mazoea. Mdomo ukabaki wazi, kisha ukafungwa.

"Jana," akasema polepole. "Haya, mutoto yangu. Fungua tuiskilize."

Dereva alibaki amesimama, spana mkononi. Akanisogelea, akaninong'oneza kwa hofu ya kweli: "Mama, muzee iko mugonjwa?"

"Hapana," nikamjibu. "Amegombezwa."